Je, Vitabu vya Mashujaa Vyafaa Kusomwa Shuleni?

Katika mabweni yetu mna vitabu vya katuni vinavyotoka kitanda hadi kitanda mpaka majalada yake yabanduke. Vingine ni vya karatasi, vimeletwa kutoka mjini baada ya likizo. Hadithi nyingine wenzetu huzisoma nyumbani katika simu za kaka zao, nao wakirudi shuleni hutusimulia kabla ya kengele ya kulala. Walimu wakivikuta vitabu hivyo huvichukua, nao wana sababu, kwa kuwa mara nyingi huvikuta vimefichwa ndani ya daftari la hesabu saa ya kujisomea. Wazazi wetu husema kuwa ni upuuzi wa watu kurukaruka angani na kupigana ngumi. Kwa upande wa pili wako wanafunzi wenzangu wasemao kuwa la kutazama humo ni mapigano tu, na kurasa zenye maneno mengi ni za kurukwa. Mimi naona kuwa pande zote mbili zimepitwa na jambo moja kubwa, na kwa heshima naomba nafasi ya kulieleza.

Sisemi juu ya vitabu vyote vya mashujaa. Nasema juu ya aina moja, yaani hadithi za vijana wa umri wetu waliojaliwa nguvu za ajabu, ambao wamewekwa katika shule ili wafundishwe. Sisi tukaao bwenini tuna haki ya kuzitazama hadithi hizo kwa karibu kuliko watu wengine, kwa sababu zatuhusu. Fundisho lake ni hili: mwenye nguvu, ya namna yoyote, hajaelimika mpaka amejifunza kujizuia.

Yafaa kwanza nieleze asili yake kwa ajili ya wazee ambao hawajavisoma. Kampuni ya Marvel ya mjini New York, Marekani, ilitoa kitabu cha kwanza cha The X-Men chenye tarehe ya Septemba 1963. Waliokitunga ni Stan Lee na Jack Kirby, na Kirby ndiye aliyekichora. Humo yumo Profesa Charles Xavier, mtu asiyeweza kutembea, aketiye katika kiti cha magurudumu, lakini mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya watu. Katika nyumba yake kubwa huko Westchester, kaskazini ya New York, amefungua shule. Majirani wajua tu kuwa ni shule ya binafsi ya vijana wenye vipaji. Kumbe wanafunzi wake ni mutanti, yaani watu waliozaliwa na badiliko katika chembe za urithi, na badiliko hilo huwapa nguvu ambazo wazazi wao hawana. Wa kwanza walikuwa watano: Scott, Jean, Hank, Warren na Bobby. Mwaka 1982 likatungwa darasa jipya la wadogo zao, nao waliitwa The New Mutants. Mmoja alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky, mwingine binti wa Vietnam, mwingine binti wa Uskoti, mwingine kijana wa Brazili, na mwingine binti wa kabila la Cheyenne. Huko Japani naye Kohei Horikoshi alianza mwaka 2014 hadithi yake My Hero Academia, juu ya shule ya vijana wa namna hiyo hiyo, akaimaliza mwezi wa Agosti 2024. Wengi wetu tuliwajua X-Men kwanza kwa sinema, ambazo zilianza mwaka 2000 na hata leo huonyeshwa katika vibanda vya video. Walakini sinema hupenda kelele. Mambo ya shule yako zaidi katika vitabu.

Sasa msomaji na atazame nguvu zenyewe zilivyo. Aliyesoma kwa haraka hudhani kuwa kila mmoja amepewa zawadi ya kumfurahisha. Sivyo. Scott, ambaye jina lake la kazi ni Cyclops, hutoa miale machoni inayoweza kubomoa ukuta, na hawezi kuizima. Alipokuwa mtoto alianguka kwa parachuti akaumia kichwa, na tangu hapo hawezi kumtazama rafiki yake kwa macho matupu bila kumwua. Hapana budi avae miwani ya jiwe jekundu mchana kutwa. Warren ana mabawa, akayafunga kwa mikanda chini ya nguo ili watu wasimwone. Kitty Pryde, aliyeingia katika hadithi hiyo mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 13 na nusu, alianza kwa maumivu makali ya kichwa, kisha akajikuta amepenya sakafu ya chumba chake na kuwa katika chumba cha chini. Msichana aitwaye Rogue akigusana ngozi na mtu humnyang'anya nguvu na kumbukumbu zake. Basi huyo hawezi hata kumshika mama mkono.

Mnaona, basi, shule hiyo ni ya kazi gani. Haiwapi wanafunzi nguvu, kwa maana wamekuja nazo. Kazi yake ni kuwafundisha kuzishika, zisiwadhuru wao wala jirani zao. Kuna chumba kiitwacho Chumba cha Hatari, ambamo mitambo huwarushia vitu na kuta huwabana, na humo hufanya mazoezi siku baada ya siku mpaka kila mtu ajue kipimo chake.

Horikoshi amelieleza jambo hilo kwa njia nyingine iliyo nzuri zaidi. Katika dunia ya kitabu chake watu 80 katika kila 100 wana nguvu fulani, lakini kijana wake, Izuku Midoriya, alizaliwa bila chochote. Baadaye shujaa mkubwa, All Might, anakubali kumrithisha nguvu zake, lakini hampi siku ile ile. Kwanza anamtaka asafishe ufuko wa bahari uliojaa takataka, majokofu mabovu na matairi, na kijana anafanya kazi hiyo kwa miezi 10. (Wenzangu mnaolalamika juu ya zamu ya kufagia, someni ukurasa huo.) Hata baada ya hapo, mara ya kwanza anapotumia nguvu zote kwa pamoja, mifupa yake mwenyewe inavunjika. Inampasa ajifunze kutumia sehemu ndogo tu, kiasi cha 5 kwa 100, na kuongeza polepole kadiri mwili unavyokomaa. Mimi sijaona mahali pengine palipoelezwa vizuri namna hiyo kwa nini mtu husoma kidato cha kwanza kabla ya cha nne.

Huenda mtu akauliza, “Mambo hayo yatuhusuje sisi, ambao hatuna mabawa wala miale?” Najibu kwamba shule ya bweni imejaa wenye nguvu. Kiranja ana nguvu ya kuandika majina. Mwenye mwili mkubwa ana nguvu ya kuwahi bomba la maji na kuwasukuma wengine nyuma. Aliye hodari wa Kiingereza ana nguvu ya kumcheka aliyekosea mbele ya darasa. Mwenye tranka iliyojaa ana nguvu juu ya asiye na sabuni. Nasi wa kidato cha nne tuna nguvu juu ya wadogo zetu wa kidato cha kwanza kwa sababu tu tulitangulia kufika. Nguvu zote hizo zapatikana bila jasho, kama mabawa ya Warren. Swali ni lile lile la Profesa Xavier: mwenye nazo amefundishwa kuzishika au la?

Jambo la pili ninalolipenda ni namna shule hiyo inavyopokea watu. Hapa nchini serikali ina shule za wanafunzi waliofaulu zaidi, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, ambazo watu huziita shule za vipaji maalumu. Kipimo cha kuingia huko ni alama za mtihani, nami sikikatai, kwa maana nafasi ni chache na lazima pawe na kipimo. Lakini katika kitabu kimoja cha mwaka 1983 yule Rogue, ambaye alikuwa katika kundi la maadui, alikuja kugonga mlango wa Xavier. Alikuwa amemnyang'anya mwanamke mmoja, Carol Danvers, nguvu na kumbukumbu zake, hata mawazo ya mwanamke huyo yakabaki kichwani mwake yakimsumbua. Wanafunzi walikasirika, wakasema akipokewa wao wataondoka. Profesa akampokea, akieleza kuwa huyu ndiye anayehitaji shule kuliko wote. Sasa, kila shule ina mwanafunzi mmoja au wawili ambao sote tungefurahi wakifukuzwa. Sisemi wasiadhibiwe. Nasema kuwa kitabu hiki kimenifanya niwatazame mara ya pili.

Walakini sitaki kuvisifu vitabu hivi kupita kiasi, kwani vina makosa, na mengine ni makubwa.

Kosa la kwanza ni la mkuu wa shule mwenyewe. Jean alipofika shuleni katika kitabu kile cha kwanza cha mwaka 1963, hata hajazoea kitanda chake, yeye na wenzake walipelekwa kupigana na adui aitwaye Magneto katika kambi ya jeshi. Mkuu wa shule yetu akitupeleka vitani mwanzo wa muhula, naamini wazazi wangejaa langoni kabla ya jua kutua. Shule inayofundisha watoto kujizuia, kisha ikawatumia kama askari, yajipinga yenyewe. Inafaa kusema kuwa watunzi wengine waliokuja baadaye waliliona jambo hilo na kumfanya Profesa ashutumiwe katika hadithi zenyewe.

Kosa la pili latugusa sisi Waafrika ya Mashariki. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walitunga kundi jipya la X-Men, na mmoja wao alikuwa Ororo, aitwaye Storm, mwenye uwezo wa kuamuru mvua na upepo. Profesa anamkuta Kenya, ambako wanakijiji wanamwabudu kama mungu na kumlilia awape mvua. Kenya ilikwisha kupata uhuru tangu mwaka 1963, mwaka ule ule X-Men walipoanza, na tangu mwaka 1970 ilikuwa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini mtunzi hakuona huko ila kijiji kimoja, na watu waliopiga magoti. Huko ni kutojua, na msomaji wa kwetu hana budi kulitambua.

Hata hivyo haki itendeke. Ororo aliendelea kukua katika mikono ya mtunzi mwingine, Chris Claremont, aliyeandika hadithi hizo kuanzia mwaka 1975 hadi 1991. Tukaelezwa kuwa mama yake alikuwa Mkenya na baba yake Mmarekani mpiga picha wa magazeti, na kwamba alifiwa na wote wawili mjini Kairo katika vita vya Suez vya mwaka 1956, akabaki yatima mitaani. Akawa kiongozi wa X-Men. Katika kitabu cha mwaka 1984 alipoteza nguvu zake zote. Na katika kitabu chenye tarehe ya Januari 1986, akiwa bado hana hata upepo wa kupeperusha karatasi, alishindana na Cyclops ndani ya Chumba cha Hatari kugombea uongozi, akamshinda. Nguvu zilikwenda, lakini mafunzo yalibaki. Ukurasa huo ungefaa ubandikwe katika ubao wa matangazo wakati wa kuchagua viranja.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Katika kitabu cha 45 cha The New Mutants, chenye tarehe ya Novemba 1986, kuna kijana aitwaye Larry Bodine, mwanafunzi wa shule ya jirani. Larry alikuwa mutanti kwa siri. Nguvu yake ilikuwa kuumba sanamu za mwanga, nzuri za kupendeza, zisizomdhuru mtu. Siku ya dansi alikutana na wanafunzi wa Xavier. Hakujua kuwa ni mutanti kama yeye, basi kwa kutaka kupendwa akatoa mizaha ya kuwacheka mutanti. Wao wakachukizwa, wakamwacha peke yake. Baadaye wanafunzi wa shule yake wakamtania kuwa watapiga simu kwa watu wanaokamata mutanti waje wamchukue. Hawakujua lolote, walikuwa wakicheka tu. Larry alijitoa uhai usiku ule.

Wakumbuke wasomaji kuwa katika shule ya Xavier kulikuwa na anayeruka kama roketi na mwenye nguvu za jua mwilini. Hakuna nguvu hata moja kati ya hizo iliyomfaa Larry. Kilichohitajika kilikuwa mtu mmoja wa kuketi karibu naye na kumwuliza habari zake. Mazishini Kitty Pryde alisimama mbele ya wanafunzi wa shule ile akasema nao juu ya majina ambayo watu huwaita wenzao. Katika kitabu hicho hapakuwa na jitu la kupigwa wala mji wa kuokolewa. Hatari yote ilikuwa ulimini mwa watoto wa shule.

Naye Horikoshi, akiwa mbali huko Japani, ameanza hadithi yake mahali hapo hapo. Katika sura ya kwanza Bakugo, kijana mwenye nguvu nyingi, anamwambia Midoriya asiye na nguvu maneno ya kumtaka ajiue. Bakugo ni hodari katika masomo na mapambano, na walimu wanamsifu. Lakini inachukua hadithi nzima ya miaka mingi mpaka asimame mbele ya wenzake na kuomba radhi. Mapigano yake yote hayakuwa magumu kama kusema maneno hayo machache.

Wenzangu, tuseme kweli. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza afikapo shuleni hupewa jina kabla hajapewa kitanda. Mmoja huitwa kwa masikio yake, mwingine kwa rangi yake, mwingine kwa tranka yake ya bati, mwingine kwa namna anavyotamka Kiswahili cha kwao. Ukiuliza, utaambiwa, “Ni utani tu.” Lakini sisi si wageni wa utani. Wazee wetu wana utani wa makabila, na kila mtu ajua sheria yake: mtani akisema, nawe wamjibu, na wote wawili mwacheka, na siku ya msiba mtani ndiye wa kwanza kufika. Yule mtoto wa kidato cha kwanza hana ruhusa ya kutujibu. Akijibu, huambiwa ana kiburi. Utani wa upande mmoja si utani, ni uonevu uliovaa nguo ya kicheko. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Tena mwenye kuitwa hucheka pamoja nasi mchana, na hatujui usiku hali yake ikoje.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wetu waheshimiwa, naomba maktaba ipewe rafu moja ya vitabu hivi, vichaguliwe na mwalimu, visomwe Jumamosi alasiri na Jumapili, na atakayekutwa navyo saa ya kujisomea anyang'anywe bila huruma. Naomba pia chama cha mdahalo kijadili swali hili: “Profesa Xavier hakuwa na haki kuwapeleka wanafunzi wake vitani.” Kwa wazazi, naomba kabla hamjavitupa mkae na mtoto awasomee kimoja, kisha mwulize amejifunza nini. Akikosa jibu, basi kitupeni.

Ombi la tatu ni kwetu sisi wa kidato cha nne. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu na kuondoka, na mwezi wa Januari wataingia wadogo zetu wasiotujua. Majina tuliyowapa waliotutangulia kukua nyuma yetu yatabaki mabwenini, na wale wa kidato cha tatu watayarithisha kama walivyoyapokea kwetu. Tuna muhula mmoja tu wa kuwaonyesha njia nyingine. Tuanze kwa kumwita kila mtoto jina alilopewa na wazazi wake, na yule anayeketi peke yake chini ya mwembe baada ya chakula tumwendee. Na mdogo wetu ambaye moyo wake umelemewa asikae na mzigo huo gizani, bali amwendee matroni, mlezi wa bweni au mwalimu wa ushauri, au amwamshe mmoja wetu hata ikiwa ni usiku wa manane. Mimi nipo katika kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na sitakasirika nikiamshwa.